Nimechumbiwa Mikorosho Ikiwa Maua

Huku Kusini mwaka una vipindi viwili tu: msimu, na kusubiri msimu. Ukisema "msimu" hapa Mtwara hakuna atakayekuuliza msimu wa nini. Ni korosho. Zinaanza kudondoka Septemba, minada inafunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo mpaka Desemba kila mtu ana lake: mabati yanapanda juu ya nyumba, pikipiki zinatoka dukani siti zikiwa bado na nailoni, madeni yanalipwa, mengine yanakimbiwa. Miezi iliyobaki ni ya ahadi. Kodi ya nyumba, msimu ukifika. Ada ya mtoto, msimu ukifika. Hata fundi aliyenitengenezea meza ya kibanda changu alikubali nimmalizie nusu yake msimu ukifika, na mimi sina hata mkorosho mmoja.

Kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, ndipo kusubiri kunakokolea. Kusi linavuma, bahari inachafuka, mchana jua lipo lakini halichomi, asubuhi unatoka na kanga mbili. Mikorosho iko kwenye maua. Pesa hakuna. Ndicho kipindi nilichochumbiwa mimi, mwaka 2024, na Novemba hii ya mwaka huo huo ninapoandika, watu wakiwa na hela mfukoni, wenzangu hawaishi kuniuliza kwa nini sikumwambia yule kaka angoje kidogo alete posa ya maana. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nawajibu wote hapa.

Kwanza, nyie wenyewe mnazijua ndoa za korosho. Tumezaliwa tumezikuta. Baba wa watu anauza, anashika pesa, Desemba haijaisha ana mke wa pili na redio mpya. Machi pesa imekata, mke wa pili yuko kwao na begi lake, redio iko kwa jirani kama dhamana. Tunacheka, lakini aliyepitia hacheki. Mtu akija kuposa Novemba hujui umeposwa na yeye au na korosho zake. Akija Julai, viatu vina vumbi, nauli ameikopa, na wewe mwenyewe unadaiwa kila kona, hapo hakuna wa kumdanganya mwenzake. Mmekutana hamna kitu. Ukimkubali hapo umemkubali mtu.

Na hali yangu mimi Julai ile, jamani, haikuwa ya kutazamika.

Ilianza Mei. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Kwa mtu wa mbali ile ilikuwa habari ya kutazama kwenye simu. Kwa Lindi na Mtwara ndiyo barabara yenyewe; ile ya kuzungukia Songea inakula siku nyingine na nauli ya kukufilisi. Mzigo wangu ulikuwa humo: maboksi ya karatasi, wino wa printa, na madaftari niliyoyategemea kuyauza shule zikifungua Julai. Ulipofika, maboksi ya chini yalikuwa yamelowa na kuvimba. Nikaenda kulalamika. Wenye gari wakanijibu kwa upole kabisa kwamba mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenye mzigo, dada, imeandikwa nyuma ya risiti. Nikaigeuza risiti. Imeandikwa kweli.

Karatasi nilizianika uani, mawe juu yake, nikazilaza chini ya godoro, nikarudi nazo kazini. Mashine ya fotokopi ikawa inavuta mbili mbili na kukwama. Kazi ya dakika moja ikawa ya robo saa, na wateja wangu wengi ni watu wenye haraka: mwanafunzi anayetaka fomu, mama anayetaka nakala ya kitambulisho kabla ofisi haijafungwa.

Halafu umeme ukawa unakatika. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, kule Msimbati, mkoa huu huu wetu, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mwaka 2013 watu wa mji huu waliingia barabarani kwa sababu ya hilo bomba, na sitaki kuyafukua ya siku zile, kuna watu bado wanaumia. Ila ukikaa gizani kibandani saa tano asubuhi, mteja amesimama na kitambulisho mkononi anakuangalia, mawazo yanakwenda Msimbati yenyewe bila kutumwa.

Kibanda changu ni fotokopi upande mmoja na miamala ya simu upande wa pili. Anayetaka kujua hali ya uchumi wa Mtwara asisome gazeti, akae na wakala. Kipupwe floti, yaani pesa ya wakala iliyoko kwenye simu, inajaa na keshi inakauka. Watoto walioko Dar wanawatumia wazazi hela ya kupulizia mikorosho na ya kula; wazazi wanakuja kutoa; wa kuja kuweka hakuna. Saa nne droo iko tupu, na kwenye simu nina pesa nisiyoweza kumshikisha mtu. Nafunga mlango nakwenda kwa mwenye duka la jumla kubadilishana naye, namkuta na yeye anataka keshi. Mteja aliyetembea kutoka Magomeni ya hapa Mtwara unamwambia keshi imeisha, anakutazama usoni anajua umemficha.

Kulikuwa pia na mzee wa jirani. Alitaka kumtumia mjukuu wake shilingi 30,000 kwa simu yake mwenyewe, kwake mwenyewe, usiku. Akakosea tarakimu moja. Asubuhi akaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye "wa mambo ya pesa za simu." Nikaipiga ile namba.

"Shikamoo mama. Kuna pesa imeingia kwako kimakosa jana usiku, ni ya mzee wangu hapa."

"Mungu hakosei, mwanangu," akasema yule mama, akakata.

Tukapiga huduma kwa wateja, tukaambiwa tayari imeshatolewa. Tangu siku hiyo mzee akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi langu, hasemi kitu, anaangalia simu yangu. Ikawa nikifungua kibanda naanza na yeye. Juu ya yote hayo mafua yaliyogoma kuondoka, na mwenye nyumba wangu, ambaye ndiye mtu pekee Mtwara nzima asiyekubali msimu ukifika, akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Ndipo yule kaka akasema anataka kuleta barua.

Ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, vijijini huko Ruangwa, mkoa wa Lindi. Tulijuana kwa fotokopi, hakuna hadithi ya ajabu: alikuja na orodha ya majina ya wakulima, kurasa nyingi, umeme ukakatika katikati, akakaa kwenye benchi hilo hilo mpaka jioni akisubiri. Watu wengine wanasubiri huku wanakupigia kelele. Yeye aliniuliza kama nimekula, akatoka akarudi na ming'oko.

Kwa msomaji asiye wa huku: ming'oko ni viazi pori, vyembamba, virefu kuzidi kidole, vinachimbwa maporini wakati wa kiangazi. Vinachemshwa na chumvi. Unakishika kwa ncha, unamenya ganda kwa meno, unachovya kwenye pilipili. Havishibishi haraka na ndiyo uzuri wake. Unakula, unaongea, unakula, na fungu la mia tano linamaliza mchana. Hakuna mtu anayeweza kujifanya bwana mkubwa huku anamenya ming'oko kwa meno. Nilimwona alivyo siku ile ile.

Sasa, kazi ya karani wa chama ina kipupwe chake tofauti na changu. Mimi nakauka, yeye ndiyo anazama kwenye kazi, maana Lindi Juni na Julai ni ufuta. Mkulima analeta magunia ghalani kwa chama, karani anapima, anaandika, anatoa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika, wakulima wanasomewa bei na kusema wamekubali au wamekataa, wakikubali, pesa inaingia kwenye akaunti zao baada ya mnunuzi kulipa. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani huku kwetu ulianza na korosho mwaka 2007, na mimi nauona una maana kuliko kangomba, yule mchuuzi anayekuja na kopo lake Januari kununua mazao yakiwa bado hayajaonekana mtini. Lakini kati ya gunia kupimwa na pesa kuingia kuna siku za kungoja, na katika siku hizo mkulima hamjui mnunuzi wala benki. Anamjua karani. Karani ndiye aliyeshika kalamu. Karani ndiye anayefuatwa nyumbani saa mbili usiku. Alikuwa akinipigia akiwa amepanda kichuguu nyuma ya ghala, ndiko mtandao unakopatikana, na mara kwa mara maongezi yetu yaliingiliwa na sauti ya mtu: "Karani! Nakuona huko juu!"

Basi huyo ndiye aliyekuja Idi ya Kuchinja, Juni, na mkononi ana kilo ya nyama kwenye mfuko wa nailoni, akaniambia kwamba baba yake mdogo yuko tayari kubeba barua, niseme ipelekwe wapi.

Ipelekwe wapi: swali jepesi kwa makabila mengine. Baba yangu yupo, ni mvuvi, anaishi Msangamkuu, unavuka tu feri umefika. Nikavuka kumwambia. Bahari ilikuwa na kusi la kuogopesha, mashua imelala upande, maji yanaingia, mama mmoja anasoma dua kwa sauti na kijana wa nahodha anamcheka. Nilimkuta baba amekaa na nyavu, maana siku kama zile hakuna wa kutoka baharini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kijana wa watu mimi sina neno naye. Nenda kwa mjomba wako." Sisi ni Wamakonde, ukoo unafuata mama. Baba anakupenda, anakulea, anakulisha samaki. Anayesema ndiyo au hapana ni kaka yake mama. Na kaka yake mama yangu yuko Newala.

Tukaenda Julai, mimi na mama mdogo, tukatangulia ili wageni watukute. Lami ilikuwa inaishia Mnivata. Mbele yake mitambo ya barabara, michepuko, na lile vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Mama mdogo alijifunga kitambaa puani, akashuka Newala paji la uso ni jekundu na mdomo ni mweusi wake wa kawaida. Hatukuwa na nguvu ya kucheka. Baridi ilikuwa imetushika.

Mtu wa Mtwara mjini akisema anasikia baridi, Mnewala anamwonea huruma. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, na Julai asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye vibaraza. Unamsikia muuza maandazi kabla ya kumwona. Wazee wanatembea na makoti marefu. Na juu ya baridi kuna maji: uwanda ule udongo wake ni wa kichanga, mvua inazama yote, mto haupo. Enzi za bibi zetu wanawake waliteremka mabondeni na vyungu kichwani na kupanda navyo. Siku hizi kuna mabomba na kuna visima vya sementi vya kuvunia maji ya bati, lakini kwa mjomba ukinawa miguu maji yale hayamwagwi, yanaenda kwenye mchicha. Nililala Newala usiku wa kwanza nikiwa na soksi, na vumbi la safari bado limo shingoni, sikuwa na ujasiri wa kuomba ndoo ya pili.

Alfajiri mjomba hayupo, yuko shambani anapulizia salfa. Inabidi iwe mapema, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo haujaamka. Maua ya mkorosho ni madogo, ya rangi ya pinki iliyopauka, yana harufu tamu kidogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukiyapata yanakauka kama yaliyochomwa, hupati korosho. Kwa hiyo wiki zile Newala nzima iko mashambani na mashine mgongoni. Akarudi saa mbili, manjano tupu, nyusi manjano, macho yanatiririka. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hao wageni wenu wanafika saa ngapi? Nioge au nisioge?"

Wageni walifika saa sita: baba mdogo wa yule kaka, na mzee mmoja mshenga kutoka Lindi mjini, kanzu nyeupe, koti juu ya kanzu, anatetemeka. Wakakaribishwa barazani. Sisi wanawake tukawa chumbani, dirisha wazi kidogo, mama mdogo amenishika mkono, sijui alidhani nitakimbilia wapi.

Bahasha ikatolewa, imewekwa kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, juu yake noti ya kufungulia mlango. Mjomba akavaa miwani, akaifungua, akakohoa kile kikohozi cha salfa, akasoma kwa sauti.

Sijawahi kuona barua kama ile. Ilikuwa imechapwa. Ilikuwa na Kumb. Na. Katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH: MAOMBI YA KUMCHUMBIA BINTI YENU. Kisha: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 31, mkazi wa Wilaya ya Ruangwa..." Kila aya na namba yake. Mwisho: "Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa na kufanyiwa kazi." Nakala kwa baba yangu Msangamkuu.

Baraza lilinyamaza. Mjomba akashusha miwani mpaka kwenye ncha ya pua.

"Huyu kijana anaomba mke," akauliza, "au anaomba pembejeo?"

Mshenga, mzee wa watu, baridi yote ile, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Mimi chumbani nilikuwa nataka ardhi ipasuke, na wakati huo huo nilijua kabisa ameichapa mwenyewe, ofisini, usiku, baada ya wakulima kuondoka, kwa sababu hiyo ndiyo namna anayoijua ya kuandika jambo zito. Mwingine angemlipa mtu mwenye mwandiko mzuri amwandikie mashairi na kuchora maua pembeni. Mimi maua yangenitia wasiwasi.

Nikaitwa. Nikapiga magoti mlangoni. "Unawafahamu hawa wazee?" Nawafahamu. "Umesikia walichokuja nacho?" Nimesikia. "Turudishe bahasha yao?" Nikasema msirudishe. Ndiyo hivyo tu. Mama mdogo akapiga kigelegele, wajukuu wa jirani wakaja mbio kuona kuna nini, kuku wakatimka.

Mambo ya mahari sitayaeleza kiasi, si ya mtandaoni. Naeleza mambo mawili tu. La kwanza, baba mdogo wa yule kaka alipoanza kupanda na kushuka kwa vielfu, mjomba alimkata: "Bwana, hapa si mnadani, sitaki kusomewa bei kisha nikubali au nikatae. Taja cha heshima." Akataja, kikapita. La pili ni kilemba. Kwa desturi kuna mkaja wa mama na kuna kilemba cha mjomba. Mjomba akasema kilemba hakitaki. Kichwa chake hakijawahi kusikia baridi. Anataka koti. Refu, zito, lenye mifuko ya ndani, na aletewe kabla baridi haijaisha, si msimu ukifika.

Jioni mama mdogo akanipeleka Shimo la Mungu, ule ukingo ambako uwanda unakatika ghafla na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji upande wa pili. Alitaka tupige picha. Ukungu ukatunyima, tukapiga picha ya ukungu.

Kutafuta koti la baridi Mtwara mjini, mji ambao mwaka mzima watu wanajipepea, nakuachia wewe msomaji ujaribu. Karani alinitumia pesa. Nikaitoa kwangu mwenyewe, wakala ni mimi na mteja ni mimi, keshi haipo, nikajiambia nirudi mchana. Nikazunguka mitumba ya sokoni. Makoti yapo, ila ni ya kike, ya wanasesere, au ya mtu mwenye mabega ya mlinda mlango wa timu ya taifa. Muuzaji mmoja akafungua belo mbele yangu, akatoa koti la kijivu, sufu kabisa, kola pana, bitana imechanika kwapani. Akataka 25,000. Nikamwambia kaka yangu, mwezi huu nani Mtwara atakuja kukuuliza sufu? Akalitazama koti, akanitazama, akaliachia kwa 12,000. Bitana niliishona mwenyewe. Nikalipakia kwenye basi la Newala.

Agosti nikaenda Lindi kutambulishwa upande wao, mama mdogo tena ubavuni, mjomba amenung'unika kwa simu kwamba siku hizi mabinti wanajipeleka. Ilikuwa wakati wa Nane Nane, viwanja vya Ngongo vimejaa, na Karani alikuwa amepewa zamu ya kukaa kwenye banda la ushirika kueleza watu ubora wa ufuta. Kwa hiyo nilikwenda kutambulishwa, mchumba mwenyewe hayupo. Bibi yake ndiye aliyenipokea. Macho hayaoni vizuri, akanishika viganja, akavipapasa, akasema, "Huyu halimi." Nikasema, bibi, nahesabu pesa za watu. "Zako je?" Kimya. Mama mdogo akaangalia dari.

Dada zake ndio walionivisha pete. Fedha, nyembamba, kazi ya sonara wa Lindi, na ilikuwa kubwa. Ikabidi nizungushie uzi mweupe kwa ndani ili isidondoke. Tangu hapo nikihesabu noti uzi ule unanasa kona za elfu kumi, nahesabu upya. Umeshakuwa mweusi. Wateja wanauliza kwa nini sipeleki ikapunguzwe. Kuipunguza ni pesa.

Sasa ndugu zangu, niliwaambia nawajibu wote, na hapa ndipo jibu langu linapojikunja. Mimi nilitaka ndoa Agosti ile ile. Tumeshaelewana, mahari imetajwa, sheikh yupo, pilau ya watu ishirini, basi. Karani akaafiki. Tukampigia mjomba, simu ikiwa kwenye spika.

"Hapana," akasema. "Mpaka korosho."

Nikamwambia mjomba, huyu bwana halimi korosho, hana cha kusubiri.

"Yeye hana. Mimi ninacho. Wewe utoke kwangu bila kitanda, bila vyombo, bila sanduku? Watasema mjomba alikuwa wapi? Mimi ndiye ninayesubiri msimu, mwanangu. Mwambie huyo mtu wako atulie."

Kumbe miezi yote nimekaa najisifu sikuposwa na korosho, na aliyefungwa na korosho ni upande wangu. Karani akanitazama, akasema, "Shikamoo mjomba, tutatulia."

Tukatulia. Oktoba minada ya mwanzo bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mjomba akaanza kupiga simu yeye mwenyewe, kila mara na kitu kipya: kitanda cha mninga, hapana cha mkongo, sufuria za ukubwa gani, na koti ni zuri ila mikono mifupi. Ndoa ni Desemba. Mwenye nyumba amelipwa. Fundi wa meza nimemmalizia. Yule mzee wa benchi amerudishiwa shilingi 30,000 zake, si na yule mama wa Mungu hakosei, bali na mjukuu mwenyewe, aliyeona aibu. Bado anakuja asubuhi kukaa. Ameshazoea.

Kilichobaki ni wapi tutaishi. Kwa desturi ya zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa mke, na mama mdogo anaikumbuka desturi hiyo kila tukikaa kula. Lakini ghala halihami. Karani amenitafutia fremu Ruangwa mjini, mkabala na stendi, elfu sitini kwa mwezi, anasema wakala pale ni wachache na fotokopi ni moja, mbovu. Ametuma picha: sakafu nzuri, mlango wa chuma, soketi mbili. Nimemwambia alipe mwezi mmoja tu, si sita, mpaka mvua zianze nilione bati lake.